Jinsi Kinyozi Alivyomsikiliza Shemeji Yake Mpaka Nukta

Njooni, enyi mliopewa masikio mawili na mdomo mmoja, mkaitumia hesabu hiyo kinyume! Sogezeni vigoda, zimeni redio, na mwenye chungu motoni akiepue, maana habari niliyowaletea haisikilizwi kwa sikio moja huku la pili likiwa jikoni. Wengine watawasimulia wafalme waliobomoa ngome na majemadari waliovuka majangwa kwa miguu. Hao waacheni walale, wamechoka. Mimi namleta shujaa aliyeketi kwenye kiti cha chekechea, magoti yakimgusa kidevu, akamsikiliza shemeji yake mpaka mwisho. Msicheke. Yeyote miongoni mwenu aliyewahi kumsikiliza shemeji yake mpaka mwisho na asimame tumwone.

Nakuita wewe, ewe Sikio, kiungo mnyonge usiye na mlango wala komeo, unayeingiwa na kila apitaye. Nisaidie nivisimulie vita hivi kama vilivyokuwa. Nawe Ulimi kaa kando. Umejengewa ngome mbili, ya meno na ya midomo, na bado kila siku unatoroka.

Basi palikuwa na kinyozi, fahari ya mikasi, mtawala wa kiti kizungukacho, ambaye hakuna kisogo mtaani asichokijua. Angeweza kutumia asubuhi nzima kunyoosha mstari wa nywele juu ya sikio moja. Lakini subira yote ya mwili wake ilikuwa imehamia mikononi, na kinywani haikubaki hata chembe. Watu walimwita Bwana Katiza. Mteja akianza, "Mke wangu jana...", yeye hudakia, "Pole sana, ndugu yangu, Mungu atamponya," kumbe mke kapandishwa cheo. Mwingine akisema, "Leo ninyoe...", yeye keshamaliza sentensi, keshamaliza na kichwa, na mtu wa watu anarudi nyumbani na upara ambao hakuuomba. Hakuwa mtu mbaya, nawaambieni kweli. Aliamini tu kwamba anajua mwenzake anakoelekea, na kwamba ni wema kumfupishia safari.

Na palikuwa na Mwenye Bucha, kaka wa mke wa kinyozi, aliyejaza mlango kwa mabega na ambaye sauti yake ilitoka polepole, neno kwa neno, kama mtu anayetenganisha nyama na mfupa asitake kuharibu chochote. Kila sentensi yake ilikuwa na vituo vya kupumzikia. Mola alipowaumba hawa wawili akawafanya mashemeji, bila shaka alikuwa na lake jambo.

Ukaja uchaguzi. Kinyozi akasimama na mgombea mmoja, Mwenye Bucha akasimama na mwingine. Jioni moja, mezani kwa kinyozi, wote wamekwisha nawa, Mwenye Bucha akatamka, "Shemeji, mimi huyu mtu wenu namwona..." Hapo akatua kwenye kituo chake cha kwanza. Kinyozi hakumngoja afike cha pili. Alimrukia kwa hoja, kwa kaulimbiu, kwa mambo aliyoyasikia redioni na mengine aliyoyatunga hapo hapo, mpaka chakula kikapoa. Mwenye Bucha aliinuka, akanawa tena mikono ambayo haikugusa kitu, akaenda zake, na sentensi yake ikabaki mezani bila mwisho. Tangu siku ile hakukanyaga tena nyumba ya dada yake, wala hakukalia kiti kizungukacho. Nywele zake zikaota mpaka kofia nyeupe ya buchani ikawa haikai, inaelea tu juu. Mtaa ukasema anazifuga kwa jeuri. Na wagombea wenyewe? Wagombea walikwisha kukumbatiana mbele ya wapiga picha kabla gundi ya mabango haijakauka.

Wala msidhani ni nyumba moja tu iliyopasuka. Majirani waliokuwa wakiazimana chumvi walipitana bombani kama watu wasiojuana, na maneno yaliyotupwa kutoka kibaraza hadi kibaraza yalikuwa hayafai kusikiwa na mtu aliyeoga. Ndipo alipoinuka Nesi Mstaafu, mwanamke ambaye kwa neno lake moja wanaume wazima waligeuka upande na kuingoja sindano, akapita nyumba hadi nyumba akibisha hodi. Hakuomba kura wala mchango. Aliuliza swali moja tu: "Siku hizi humsalimii nani? Njoo naye." Hivyo ukazaliwa Umoja wa Kusikilizana, chama kisicho na bendera wala fulana wala mgombea, kikawa kinakutana Jumamosi alasiri katika darasa la chekechea, kwa kuwa ndilo jengo pekee mtaani lisilokuwa na upande. Viti vilikuwa vya watoto. "Afadhali," alisema Nesi. "Mtu aliyekaa hivi hawezi kuvimba."

Katika darasa lile palikuwa na kiti kimoja tu cha mtu mzima, cha mwalimu, na aliyekikalia ndiye mwenye neno, na ilikuwa mwiko kumkatiza mpaka atamke mwenyewe, "Nukta." Aliyetaka kumjibu sharti kwanza arudishe, yaani aseme upya yale aliyoyasikia, mpaka mwenye maneno akubali, "Ndivyo." Na atakayekatiza mara ya tatu hutoka nje akakaa dirishani, na kura yake hutoka naye. Kinyozi alikwisha katiza mara mbili. Mara ya kwanza alimfundisha fundi bomba mambo ya mabomba. Mara ya pili alimsaidia bibi mmoja kumalizia neno, na neno lenyewe halikuwa hilo.

Sasa ikawa diwani, baada ya kufuatwa na Nesi mpaka harusini kwa mwanawe, akakubali kupokea ombi la mtaa, moja tu, lililokubaliwa na wengi. Kinyozi alitaka mfuniko wa mtaro unaopita mbele ya duka lake, maana wateja waliuruka wakiingia, na mmoja, kichwa kikiwa kimeng'aa, alitumbukia akitoka. Mwenye Bucha alitaka taa ya barabarani. "Ya kumulikia nyama zake," kinyozi alikiambia kila kisogo kilichoketi mbele yake. Na Jumamosi ya hukumu ikawadia.

Asubuhi ya siku hiyo mkewe, mkandaji wa unga katika tanuri la mikate, aliyetoka nyumbani kabla ya jogoo na kurudi jua likiwa limepanda, alimkabili mlangoni na unga mpaka viwikoni.

"Mume wangu, mimi nina kaka mmoja na mume mmoja," akasema. "Nimechoka kuwa ukuta wenu. Leo atazungumza, na wewe utakuwepo. Akiinuka tena katikati ya sentensi, harudi. Namjua, tumelala tumbo moja."

"Lakini mke wangu, mimi..."

"Umeona? Hata mimi sijamaliza."

Kinyozi akainamisha kichwa, kwa maana alimpenda mkewe, na kwa miezi yote ile alikuwa amemwona akipakua chakula huku akitazama kiti kitupu. Hilo lilimuuma kuliko alivyowahi kukiri kwa yeyote.

Ndipo shujaa alipojivika silaha. Alivaa koti jeupe la kazini, akalifunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, ili maneno yakipanda yakute njia nyembamba. Akaenda dukani akanunua pipi ngumu, kubwa kama gololi, akaiweka juu ya ulimi kama jiwe juu ya mfuniko wa pipa. Akausogelea mtaro, akauruka bila kuutukana, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akaingia chekechea kwa mwendo wa mtu aendaye kufa kwa heshima. Aliketi chini ya picha ya bata. Magoti yakapanda mpaka kidevuni, na mikono akaikalia.

Mwenye Bucha alikwenda kwenye kiti cha mwalimu, nywele mbele, yeye nyuma. Akaketi. Akavitazama viganja vyake.

"Ndugu zangu," akasema, akatua.

Lo! Hapo jeshi likaamka. Kifuani mwa kinyozi yalipanga safu maneno yote ambayo tangu kuzaliwa kwao hayajawahi kunyimwa ruhusa: Kwanza Kabisa, mwenye mbio, Siyo Hivyo, mwenye mkuki, Ngoja Nikwambie, mkongwe wa vita vingi, na mbele yao wote, juu ya farasi, amiri jeshi Lakini. Huyu Lakini alikuwa hajawahi kurudishwa nyuma na mtu. Alipanda koo kwa kishindo, akafika langoni, akakuta pipi. Akaisukuma. Kinyozi akauma meno mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na bata ukutani akawa anamwangalia kwa jicho moja.

"Mimi nimesimama kwa ajili ya taa," akaendelea Mwenye Bucha, ingawa alikuwa ameketi.

*Umeketi!* akapiga kelele Siyo Hivyo, akijitupa ukutani. Kinyozi alimkamata mguu akamrudisha. Jasho lilimtoka, likamshuka mgongoni ndani ya koti lililofungwa vifungo vyote. Mwenye Bucha akasema jambo, akatua. Akasema jingine, akatua. Kila kituo chake kilikuwa mlango ulioachwa wazi, na kila mlango jeshi liliuvamia, na kila mara mtu mmoja, kinyozi wa watu, mwenye silaha ya peremende, alisimama kizingitini akalizuia. Alisoma herufi zote ukutani kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akazirudia kinyumenyume. Alihesabu vigae. Pipi ikawa ndogo, ikawa kama harage, ikawa kama punje, ikawa kumbukumbu tu ya utamu. Katikati ya moshi wa vita aliinua macho akamwona mkewe ukutani nyuma akijifuta uso kwa ncha ya mtandio. *Ananililia kabla sijaanguka,* akawaza, akakaza meno zaidi.

Kisha shemeji akatua kwa kituo kirefu kuliko vyote, na pipi ilikuwa imekwisha.

"Mm..." ilimtoka kinyozi.

Darasa zima likageuka. Hata bata aligeuka, au ndivyo kinyozi alivyoapa baadaye. Nesi Mstaafu alikwisha kuunyoosha mkono kuelekea mlangoni. Hapo shujaa, kwa werevu wa waliozingirwa, aliikamata ile Mm hewani, akaigeuza, akaisukumia kifuani, akaitoa tena ikiwa kikohozi, cha kwanza kikavu, cha pili kikiwa na makohozi ya kweli.

Nesi alimwendea, akaweka sikio karibu na mgongo wake. "Nimeuguza vifua vingi," akahukumu. "Hicho ni kikohozi. Lakini kisijirudie."

Na kikohozi hakikujirudia, na vita vikaendelea, mpaka Mwenye Bucha aliposhusha pumzi, akaweka viganja magotini, akatamka lile neno ambalo mataifa yalikuwa yakilingoja.

"Nukta."

Watu wakapiga makofi, na wengi wao hawakuwa wanampigia msemaji, aliyekwisha kuhamia kiti kidogo. Fundi bomba alimshika kinyozi bega. Yule bibi aliyewahi kumaliziwa neno alifuta chozi. Kinyozi akainuka, kiti kidogo kikiwa kimemng'ang'ania nyuma, akakibandua kwa adhama, akakwea kiti cha mwalimu kama anayekalishwa enzi. Alikuwa ameshinda. Sasa ilikuwa zamu yake.

"Rudisha," akasema Nesi.

Kinyozi akafungua kinywa. Milango yote ilikuwa wazi sasa, ngome haina mlinzi, na hakuna neno hata moja lililotoka. Aligeuka ndani akatazama: jeshi limelala chali, amiri Lakini anakoroma pembeni ya farasi wake. Akatafuta maneno ya shemeji. Hayakuwapo. Ole wake! Alikuwa ameshughulika mno na kulinda lango, hata hakusikia mgeni alikuwa anasema nini.

Akafanya alivyofanya siku zote. Akabuni.

"Shemeji amesema," akaanza kwa sauti ya uhakika, "kwamba anataka taa iwekwe mbele ya bucha yake, ili wateja wapate kuona..."

"Sivyo," akasema Mwenye Bucha.

Mnong'ono ukapita darasani. Mwenye Bucha akaanza kuinuka kutoka kwenye kile kiti kidogo, taratibu, kama alivyofanya mambo yote, na kinyozi aliutambua mwinuko ule. Alikwisha kuuona mezani kwake. Akamtazama mkewe. Mkewe hakumtazama yeye. Aliutazama mgongo wa kaka yake unaopanda.

Hapa, enyi wasikilizaji, tulizeni hata watoto. Yaliyotangulia ni ya kawaida. Kukaa kimya hata jiwe linaweza. Tendo lenyewe ni hili linalofuata, na lilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Kinyozi aliteremka kutoka kiti cha mwalimu. Akakisogeza mpaka alipokuwa shemeji yake.

"Shemeji, sikukusikia," akasema. "Nilinyamaza, ila sikukusikia. Nilikuwa napigana na mdomo wangu. Nakuomba kaa, urudie. Na ukitua, mimi nitatua na wewe."

Mwenye Bucha alibaki nusu ameinuka nusu ameketi. Katika maisha yake watu walikuwa wamemharakisha, wamemmalizia, wamemwacha njiani. Hakuna aliyewahi kumwomba aanze upya. Akaketi, kiti kikubwa kikalia.

"Nilisema," akaanza, "taa siitaki kwangu." Akatua. Kinyozi akatua naye. "Naitaka pale kona ya karakana iliyofungwa. Pana giza. Dada yangu hupita pale alfajiri akienda tanurini. Mimi nikienda machinjioni nampitisha kwa tochi." Akatua tena, akakuna nywele zake nyingi. "Natembea nyuma yake, mbali kidogo. Sikutaka aone kama namchunga. Sasa machinjioni wametubadilishia saa. Kuanzia wiki ijayo nitakuwa nimeshapita kabla hajaamka. Hatakuwa na mtu. Nukta."

Kumbe darasa zima lilikwisha kuyasikia hayo mara ya kwanza. Kumbe machozi ya mkewe hayakuwa ya kumlilia yeye. Kinyozi alisimama pale na koti lake jeupe, na kwa mara ya kwanza tangu avunje sauti yake ya utoto, hakujua sentensi inayofuata. Akaitafuta taratibu.

"Shemeji amesema taa iwe kona ya karakana. Amesema mke wangu hupita gizani, na yeye humpitisha kwa tochi bila kujitangaza. Na mimi mumewe wakati huo nimelala, nimejifunika mpaka..."

"Hilo la kulala sikulisema."

"Nimeliongeza mwenyewe."

"Basi liondoe."

"Nimeliondoa," akasema kinyozi.

Mwenye Bucha akamtazama kwa muda wa kituo kimoja kizima. "Ndivyo," akasema.

"Haya, kinyozi," akasema Nesi, akijikohoza naye, na hakuna aliyethubutu kumpima kifua. "Umerudisha. Sasa sema lako. Mtaro."

Kinyozi alikuwa ameandaa hotuba ya mtaro kwa wiki nzima, yenye milango saba na mifano ya miji mikubwa. Aliiangalia, akaikunja. "Wanaouruka waendelee kuuruka," akasema. "Nukta." Ikawa hotuba fupi kuliko zote tangu chama kiundwe, na mikono ikainuka kwa ajili ya taa, ikiwemo ya yule mteja aliyetumbukia.

Kesho yake mchana, mbele ya mashahidi waliokuwa wakingoja zamu, Mwenye Bucha aliuruka mtaro kwa mwili wake wote, ardhi ikaitika, akaketi kwenye kiti kizungukacho. Kinyozi akazichambua nywele zile kwa kitana kama mtu anayeingia msituni.

"Muda wote huu hukwenda kwa mwingine?" akauliza.

"Kichwa changu kina kinyozi mmoja," akajibu Mwenye Bucha. Kisha, mkasi ukiwa umeanza kazi, akasema, "Shemeji, ile siku mezani. Nilikuwa nasema. Huyu mtu wenu namwona..."

Akatua.

Mkasi ukasimama hewani. Waliokuwa kwenye benchi wakaacha kupumua. Kule ndani amiri Lakini, mzee sasa, mwenye makovu, aliinua kichwa, akamwona bwana wake anavyomtazama, akakilaza tena. Gari likapita nje. Nywele moja ikadondoka sakafuni, na kinyozi akangoja.

"...namwona ni sawasawa na huyu wetu," akamalizia Mwenye Bucha. "Wote wawili hawatujui hata majina. Tule, chakula kinapoa." Akafikiri kidogo. "Nukta."

Kinyozi aliweka mkasi mezani, akageukia kioo, akakaa hivyo kitambo akipangusa kitu ambacho hakikuwa kwenye kioo. Kisha akarudisha, maana sheria ni sheria hata nje ya darasa: "Shemeji amesema, tule, chakula kinapoa."

"Ndivyo."

Haya basi, wachongaji, chongeni; wapiga ngoma, pigeni; na enyi mnaohesabu zama kwa vita vya wafalme, anzeni kuhesabu upya kutoka Jumapili ile. Diwani alileta taa, baada ya Nesi kumfuata mpaka harusi nyingine. Na siku zote kabla haijawaka, tochi ilikuwa mkononi mwa kinyozi, naye hakutembea nyuma ya mkewe bali kando yake, akimsikiliza. Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ya Jumapili ile, katika nyumba moja ya mtaa ule, watu watatu walinawa mikono, mwanamke akapakua bila kutazama kiti kitupu kwa kuwa hakikuwapo, na chakula kikaliwa kingali moto. Nukta.